Mtoto Asiyegeuka Aitwapo

Waumini wenzetu, hapa Mwanhuzi mtoto hufunzwa kuinamisha macho mbele ya mkubwa, na hiyo ni adabu. Basi ile dalili mashuhuri ya usonji, kwamba mtoto hamtazami mtu usoni, yaweza kutupoteza. Sisi tuangalie zaidi jina na kidole. Afikapo mwaka mmoja, mtoto kwa kawaida hugeuka aitwapo. Na ifikapo miezi 18 humwonyesha mama kwa kidole ng'ombe apitaye, kisha humtazama kama naye ameona. Asiyefanya hayo, au aliyekuwa na maneno machache yakapotea, apelekwe hospitali, na usikivu wake upimwe kwanza, kwani huenda ni uziwi. Tusingoje aletwe madrasa ana miaka saba, ndipo tuulizwe kama ni jini. Wengine husema, "Atasema tu, hata baba yake alichelewa." Kauli hii twaichukia, maana miaka ipoteayo ndiyo ile ambayo mafunzo ya kuwasiliana humfaa mtoto zaidi. Wala mama asilaumiwe: usonji hautokani na malezi, ijapokuwa katika karne ya 20 wapo madaktari wa Marekani na Ulaya waliodai hivyo. Siku ya kupima uzani, mama asisubiri kuulizwa. Amwambie muuguzi waziwazi kwamba mwanawe haitiki aitwapo.