Mbwa anayechechemea apimwe kwanza

Na Rehema Mwakalinga
Safu: Neno la Juma

Mbwa akigongwa na bodaboda, akainuka na kuondoka huku amekunja mguu mmoja, uamuzi wa kwanza katika nyumba nyingi ni kusubiri. Atapona mwenyewe, husema wenye mbwa. Siku ya tatu bado anachechemea, basi unatafutwa mti wa kumfunga, au vidonge vya diklofenaki vilivyobaki baada ya baba kuumwa mgongo. Wiki ya pili kidonda kinanuka, na daktari wa mifugo akiitwa anaombwa jambo moja tu, achome sindano mnyama afe yaishe. Hoja yangu leo ni fupi na ninaisimamia: mbwa aliyeumia mguu apimwe na mtaalamu ndani ya siku moja, kabla hakijaamuliwa kitu kingine chochote. Baada ya hapo anaweza kutibiwa, anaweza kukatwa mguu, anaweza hata kupumzishwa kwa sindano, na kila mojawapo ya hayo linaweza kuwa uamuzi wa haki. Kumwacha bila kupimwa ni kumtelekeza, hata kama tunamwekea chakula kila jioni.

Kuchechemea ni dalili tu, na nyuma ya dalili hiyo kuna mambo mengi yasiyofanana. Huenda ni mwiba kati ya vidole, ukucha uliong'oka, jipu, kano ya goti iliyokatika, nyonga iliyochomoka au mfupa uliovunjika. Kwa mbwa aliyegongwa, tena, mguu mara nyingi si hatari ya kwanza. Mapafu yanaweza kuwa yameumia, kibofu kimepasuka, au damu inavuja tumboni bila tone kuonekana nje. Ndiyo maana daktari makini haanzi na mguu. Anainua mdomo na kutazama ufizi kama umepauka. Anaubonyeza kwa kidole na kuuachia, kisha anaangalia rangi inarudi baada ya muda gani, kwa sababu ikizidi takriban sekunde 2 huenda damu haizunguki inavyopaswa. Anasikiliza pumzi. Akishajua mnyama hayumo hatarini kufa, ndipo anashuka mguuni, anapapasa kiungo baada ya kiungo na kufinya katikati ya vidole ili kujua kama mbwa bado anahisi. Picha ya eksirei nayo hupigwa pande mbili, maana mfupa unaoonekana mzima ukitazamwa kwa mbele unaweza kuonekana umekatika ukitazamwa kwa ubavuni. Kazi hiyo yote haiwezi kufanywa na jirani mwenye huruma, hata awe na mikono mizuri kiasi gani.

Tiba ya nyumbani huonekana haina madhara, na hapo ndipo inapotudanganya. Gango lolote la mfupa uliovunjika sharti lishike kiungo cha juu na kiungo cha chini ya pale palipovunjika. Kwa mfupa wa paja jambo hilo karibu haliwezekani, kwa kuwa kiungo cha juu ni nyonga, ambayo kamba haiwezi kuifunga ikatulia. Ubao unaofungwa pajani huishia kuning'inia, uzito wake ukivuta na kuzidi kuachanisha mfupa. Mguu wa chini una hatari yake nyingine. Ukifungwa kwa mpira wa baiskeli au kitambaa kilichokazwa sana, damu inazuiwa. Vidole vinavimba, vinakuwa baridi, kisha vinakufa ganzi. Mbwa huanza kuguguna kile kitambaa, nasi tunamkemea, kumbe anatueleza kitu. Nyama ikishakufa, mguu ambao ungepona kwa hogo la wiki kadhaa hauna njia tena ila kukatwa. Muda nao hausubiri. Mfupa wa mtoto wa mbwa unaweza kuunga ndani ya wiki 3 au 4 tu, wa mbwa mkubwa kwa kawaida wiki 8 hadi 12, na unaunga vile ulivyokaa, ukiwa umenyooka au umepinda. Akichelewa kufikishwa, misuli imeshajikunja na mfupa umeanza kushikana vibaya, kwa hiyo upasuaji ambao ungekuwa mwepesi siku ya kwanza unakuwa mgumu na wa bei kubwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika jambo hili ukuta ni ghali kweli.

Dawa za maumivu za binadamu zinahitaji onyo la peke yake, kwa kuwa zimo katika kila nyumba na hutolewa kwa nia njema. Diklofenaki na ibuprofen zinaweza kumtoboa mbwa vidonda vya tumbo na kuharibu figo zake, hata kwa kiasi ambacho mtu mzima angekimeza bila kufikiri. Akitapika damu au akaharisha kinyesi cheusi kama lami, hali yake imeshakuwa ya dharura. Ubaya hauishii hapo. Zipo dawa za maumivu zilizotengenezwa kwa mbwa, kama vile carprofen na meloxicam, lakini daktari hawezi kuzitoa kwa usalama kwa mnyama ambaye juzi amemeza dawa ya jamii hiyohiyo kutoka kabatini. Kwa hiyo kidonge tulichompa ili apate nafuu kinaweza kumnyima nafuu aliyostahili. Mwenye mbwa aliyekwisha kumpa dawa amwambie daktari bila kuona aibu, ataje jina la dawa na saa aliyompa, kwa sababu taarifa hiyo inabadilisha matibabu.

Najua pingamizi la kwanza, na ni zito: fedha. Familia inayohesabu nauli ya watoto wa shule haiwezi kuambiwa kwa wepesi igharimie pini na mabamba ya chuma kwa ajili ya mbwa. Nakubali. Lakini ninachodai ni kupimwa, na kupimwa hakumfungi mtu kulipia upasuaji. Mara nyingi kunamwondolea gharama aliyokuwa akiiogopa. Baadhi ya mivunjiko ya nyonga hupona kwa kumweka mbwa mahali pembamba asipoweza kukimbia, kwa wiki kadhaa, huku akipewa dawa sahihi. Jipu hupasuliwa likasafishwa. Mwiba huchomolewa. Pale mguu usipoweza kuokolewa, kuukata ni operesheni moja ambayo mara nyingi huwa nafuu kuliko kuunga mfupa kwa vyuma, na mbwa wengi hujifunza kutembea kwa miguu mitatu upesi kuliko tunavyodhani. Kwa kuwa karibu asilimia 60 ya uzito wa mbwa hubebwa na miguu ya mbele, kukosa mguu wa nyuma humsumbua kidogo zaidi, ingawa hata waliopoteza wa mbele wengi humudu. Na kama uwezo haupo kabisa na mateso ni makali, kumpumzisha kwa sindano mikononi mwa daktari ni heshima ya mwisho ambayo haifanani hata kidogo na kufa taratibu nyuma ya banda la kuku. Mwenye mbwa aseme kiwango alicho nacho mapema, na daktari ampangie ndani ya kiwango hicho. Mazungumzo hayo hayana fedheha.

Pingamizi la pili ni kwamba huyu ni mbwa tu, na wapo watu wanaokosa dawa. Uhaba wa dawa hospitalini ni jambo la kupiganiwa kwa nguvu zote, lakini mbwa anayeoza mguu hapunguzi foleni ya mgonjwa hata mmoja. Mbwa wetu wengi, isitoshe, ni walinzi. Tumewafunga mchana na kuwafungulia usiku ili sisi tulale, na anayefaidi kazi ya kiumbe amebeba dhamana yake. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 hapa Tanzania haikuwabagua mbwa ikawatetea ng'ombe peke yao; inakataza ukatili kwa mnyama na inamwajibisha anayemfuga. Wako pia wanaosema dini haimtaki mbwa. Wengi wa Pwani hufuata madhehebu ya Shafi, ambayo yanahesabu mate ya mbwa kuwa najisi na yanafundisha namna ya kujitwaharisha, lakini hayaruhusu kumtesa. Kisa cha aliyesamehewa madhambi yake kwa sababu alimnywesha mbwa mwenye kiu kinajulikana mpaka na watoto wa madrasa. Twahara na huruma vinaweza kukaa nyumba moja.

Tena lipo suala la afya yetu wenyewe, ambalo lingetosha hata kwa asiyewapenda wanyama. Jeraha la mguuni linaweza kuwa limetokana na kung'atwa na mbwa mwingine, na miguu ya nyuma inayolegea bila jeraha lolote inaweza kuwa dalili ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo unakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutoka kwa mbwa. Dalili zikishajitokeza kwa mtu, kupona ni nadra mno. Mtoto anayemfunga mbwa wake kitambaa mguuni anaweza kung'atwa au kuguswa na mate penye mchubuko. Mtaalamu anayempima mbwa huyo atauliza juu ya chanjo, atauliza nani amemgusa, na kwa kuuliza tu anaweza kuokoa maisha ya mtu.

Pingamizi la tatu ni la ukweli mchungu: madaktari wa wanyama wako mbali. Walio karibu na miji mikubwa wana pa kukimbilia, na Morogoro wana Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo ambako madaktari hao hufundishwa. Kenya wana kampasi ya Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Lakini mfugaji wa Mpwapwa au Kibondo anamjua bwana mifugo wa kata tu, ambaye mara nyingi huitwa kwa ng'ombe, mbuzi na kuku. Hapa ndipo halmashauri zetu zinapaswa kubanwa. Bwana mifugo apewe mafunzo mafupi na vifaa vya kumpokea mbwa aliyeumia: kupima hatari ya kifo, kuzuia damu, kusafisha kidonda, kumpa dawa ya maumivu inayomfaa, na kumpigia simu daktari aliyesajiliwa ili wakubaliane kama kuna haja ya rufaa. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 iliunda Baraza la Veterinari ili lisimamie taaluma hii, madaktari pamoja na wasaidizi wao, kwa hiyo msingi wa kisheria tunao. Madaktari binafsi nao wabandike mlangoni bei ya kumpima mnyama, kwa sababu watu wengi hawaendi kwa kuogopa bei wasiyoijua.

Hadi hayo yatimie, mwenye mbwa ana kazi yake ndani ya saa ya kwanza, na haihitaji fedha. Amsogelee polepole, kwani mbwa mwenye maumivu humng'ata hata anayempenda. Amfunge mdomo kwa utepe wa kitambaa, isipokuwa kama anahema kwa shida au anatapika. Damu inayotiririka aigandamize kwa kitambaa safi bila kuachia. Mfupa uliotokeza aufunike tu, asijaribu kuurudisha. Asimfunge gango, asimpe kidonge, asimpe chakula, maana huenda akahitaji dawa ya usingizi. Amlaze juu ya ubao au gunia lililovutwa likakaza, ampakie kwenye bajaji, ampeleke. Asiyeweza kufika ampigie simu bwana mifugo saa hiyohiyo, si kesho. Anayeamua kufuga mbwa ajue tangu siku anapomchukua ni mtaalamu gani atampigia, na aandike namba yake. Na diwani anayekuja kuomba kura aulizwe bwana mifugo wa kata hii ana nini mkobani siku mbwa atakapoletwa mbele yake.