Hewa ya Lubumbashi Yataka Wapimaji Wake

Mwaka 2009, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya wakazi wa kusini mwa Katanga, nayo yalibainisha kuwa watu wakaao jirani na migodi na matanuri ya madini walikuwa na kobalti katika mikojo yao kwa kiasi kikubwa mno. Matabibu walitimiza wajibu wao, kwani waliyapima yaliyokwisha kuingia mwilini; walakini ile njia ipitwayo na madini tangu ardhini hadi kifuani mwa mtoto, yaani ukubwa wa chembe za vumbi, nguvu ya upepo uziinuao, na masafa ziendayo kabla ya kutua, hiyo ni kazi ya mwanafizikia wa mazingira, naye katika mji huu, ambao tanuri lake la kwanza la shaba lilianza kazi mwaka 1911, ni adimu.

Atokaye nje alfajiri ya mwezi wa Julai hana haja ya kuhubiriwa. Ardhi imepoa usiku kucha, hewa baridi imelala chini na yenye joto imeifunika juu yake kama kifuniko cha chungu, na moshi wa makaa, wa magari, na vumbi la malori yaelekeayo mpakani Kasumbalesa, vyote vimebaki kwenye kimo cha pua mpaka jua lipande. Majani ya miembe ya kando ya barabara yamegeuka mekundu. Pua hunusa na macho huona, lakini hakimu hawezi kukata hukumu kwa pua, ataka tarakimu.

Milango ya kuisomea ilimu hii ya fizikia ya mazingira i wazi kwa wageni kuliko wengi wetu wanavyodhani. Heidelberg kuna taasisi ya fizikia ya mazingira tangu 1975, na Bremen iko nyingine yenye sifa katika kupima gesi za angani kwa setilaiti. Na huko Ujerumani mwanafunzi wa udaktari aghalabu huajiriwa kwa mshahara katika utafiti maalumu, pasipo kuulizwa kwanza ni raia wa nchi gani. Walakini mimi naupendelea mtindo wa kituo cha fizikia cha Trieste, Italia, kilichoasisiwa mwaka 1964 na Abdus Salam wa Pakistani, ambacho kwa kushirikiana na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki humwacha mwanafunzi aendelee kuandikishwa katika chuo cha kwao, kisha humkaribisha kwa miezi kadhaa, mara baada ya mara, apate vyombo na walimu asiokuwa nao nyumbani.

Matunda ya mwendo kama huo yameonekana Kinshasa. Juu ya paa la Kitivo cha Sayansi cha chuo chao, tangu 2017, kimewekwa chombo kidogo kinachotazama mbingu, huichambua nuru ya jua na kuitambua dioksidi ya nitrojeni kwa zile rangi ambazo gesi hiyo huzimeza. Na mtafiti Mkongomani, akisaidiwa na Wabelgiji, akalinganisha vipimo hivyo na vya setilaiti, ikadhihirika kuwa setilaiti zilikuwa zikiona pungufu ya yaliyomo hewani. Lau angalikaa Ulaya akitazama picha za angani peke yake, jambo hilo asingalilijua.

Basi nani agharimie nusu yetu, ile inayosomewa nyumbani? Sheria ya madini ya 2018 imeupa mkoa asilimia 25 ya mrabaha, na asilimia 10 imewekwa katika mfuko wa vizazi vijavyo. Sioni kizazi kijacho kitakachonufaika na shaba ilhali mapafu yake yamejaa vumbi la shaba hiyo hiyo. Wahadhiri wasaidizi wa chuo chetu huzeeka katika daraja moja wakingojea udaktari, na arudipo mmoja wao kutoka ng'ambo, hukuta hakuna chombo wala maabara, akaondoka tena. Nami siwezi kumlaumu. Serikali ya Haut-Katanga na itenge nafasi mbili za udaktari wa fizikia ya mazingira, zenye mshahara unaomngoja mhitimu arudipo. Kitivo cha Sayansi cha chuo chetu kiwafundishe vijana Kiingereza na programu za kompyuta mapema, wasikwame mlangoni. Na chombo cha kwanza kipandishwe juu ya paa lake kabla ya kiangazi kijacho kuanza.