Kipande kilichopotea na heshima ya mtoto

Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW). Ndugu wazazi, juma hili tunawaletea funzo tulilolipata katika klabu yetu ya watoto ya kujenga kwa vitofali vya plastiki na kuunda roboti, inayokutana kila Jumamosi baada ya darasa la madrasa.

Baadhi ya wazazi hutuuliza: je, huku si kupoteza muda? La hasha. Elimu ya vyombo vinavyojiendesha si ngeni kwa Waislamu. Mwaka 1206 Ismail al-Jazari alikamilisha kitabu kinachoeleza saa za maji, pampu na mitambo mingine, na namna kila kimoja kinavyoundwa. Mtoto anayefunga mota na gia leo yumo katika njia hiyohiyo.

Klabuni kwetu watoto watatu hutumia seti moja: mmoja hutafuta vipande, wa pili hujenga, wa tatu huandika programu, kisha hubadilishana. Kazi ya mwanzo ni roboti inayofuata mstari mweusi. Kihisi mwanga, yaani jicho la roboti, hutazama chini. Sakafu nyeupe hurudisha mwanga mwingi, mstari mweusi hurudisha kidogo, na programu huamua gurudumu lipi lizunguke. Mara nyingi roboti hukimbilia upande usiotakiwa kwa kuwa mota imefungwa kinyume. Hapo sisi wakubwa hufunga mikono nyuma. Mtoto anayelitafuta kosa lake mwenyewe huzoea kujikosoa bila ya kukata tamaa.

Mtihani wetu ulikuja siku kihisi kimoja kilipokosekana. Ni kipande kidogo, lakini cha bei kubwa, na bila ya hicho kundi zima hukaa bure. Kabla hatujamaliza kutafuta, mzazi mmoja alimnyooshea kidole mtoto ambaye kwao hawana uwezo wa kununua vitu vya kuchezea. Mwingine akataka mifuko ipekuliwe. Mtoto yule aliinamisha kichwa. Hapakuwa na ushahidi wowote juu yake isipokuwa ufukara wa wazazi wake.

Tulikataa. Surat al-Hujurat, aya ya 12, inatukataza dhana mbaya na kupeleleza aibu za watu, na wala haikumtoa mtoto katika hifadhi hiyo. Tulitamka mbele ya wote kwamba hatumtuhumu yeyote. Tukakiri pia kwamba tuligawa vipande bila ya kuvihesabu. Kosa la kwanza lilikuwa letu. Kisha tukaweka kopo mlangoni: atakayekuta kipande nyumbani akitumbukize humo, hataulizwa neno. Jumamosi iliyofuata tulikikuta kihisi, pamoja na gia mbili ambazo hatukujua hata kama zimepotea. Nani alivirudisha? Hatujui, wala hatutafuti kujua.

Tangu hapo kila kisanduku kina orodha yake. Watoto wenyewe huhesabu mwanzo na mwisho, na hujifunza kwamba amana hutunzwa kwa hesabu, si kwa vitisho.

Kwa wanaotaka kuanzisha klabu kama hii, anzeni na seti chache na kundi dogo. Viwekeni vipande vidogo mbali na watoto walio chini ya miaka mitatu, wasije wakavimeza. Malizeni mapema, ili adhana ya adhuhuri isiwakute vipande vikiwa vimetapakaa sakafuni.

Roboti hubomolewa kila juma na vipande vikarudi kisandukuni. Tuhuma aliyotamkiwa mtoto mbele ya wenzake haibomolewi kwa wepesi huo. Mzazi, kabla hujanyoosha kidole, jiulize: laiti angekuwa mwanao?

Tunamuomba Allah (SW) atujaalie subira katika malezi, na awakuze watoto wetu katika elimu na uaminifu. Amin.