Hadithi za bibi ziingie darasani, kuanzia Kapsoit hadi Kiunga

Ukitoka mji wa Kericho kuelekea Kisumu, hukawii kufika Kapsoit, senta ya barabarani katika nchi ya majani chai. Msomaji wa Mombasa au Malindi atauliza, sisi na Kapsoit wapi na wapi? Jibu liko darasani. Mtoto wa Kikipsigis kule na mtoto wa Kibajuni kule Kiunga wanasoma mtaala mmoja, na shida yao ni moja. Nyumbani wanasikia lugha moja, shuleni wanakutana na nyingine, na kitabu mara nyingi kinazungumzia mambo wasiyowahi kuyaona.

Serikali inalijua hili tangu zamani. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake katika miaka mitatu ya kwanza ya shule ya msingi. Mtaala wa umilisi, ule tuliouzoea kwa jina la CBC, ulipoanza nchi nzima Januari 2019, uliirudia nia hiyo, na muziki, uchoraji na michezo vikapewa nafasi. Kwenye karatasi, hadithi na sanaa zina kiti chao. Mzazi naye anaona nini? Anaambiwa anunue karatasi za manila, rangi na gundi, kisha akimbilie saiba kuchapisha picha. Ubunifu wa mtoto umegeuka risiti ya baba.

Hadithi haina risiti. Mtoto anayesikiliza kisa cha sungura na fisi anajifunza kupanga matukio, anaokota maneno mapya, na anakisia kitakachofuata. Huo ndio msingi wa kusoma kwa ufahamu. Mwambie akisimulie upya, achore zimwi, aige sauti ya fisi, na hapo utajua kama ameelewa au amekariri tu. Hata hesabu inaingia. Mama kachuma kilo 12 asubuhi na kilo 9 jioni, kisha akakatwa kilo 1 kwenye mizani. Amebaki na ngapi? Mtoto wa Kapsoit hesabu hiyo anaijua. Wa Kiunga mpe samaki badala ya majani chai.

Wakipsigis wana Chemosit, sisi tuna zimwi letu, na kote watoto wamelelewa kwa hofu na kicheko hichohicho. Na Waislamu tusijifanye wageni wa jambo hili. Qur'ani inafundisha kwa visa vya mitume, na Sura ya Yusuf ni kisa kimoja karibu mwanzo hadi mwisho. Hapa hapa Mombasa, katika miaka ya 1980, Wakfu wa Aga Khan ulianzisha mpango wa chekechea za madrasa, akina mama wa mtaani wakafunzwa ualimu, na watoto wakasoma kwa nyimbo, hadithi na vifaa vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa vitu vya hapo hapo. Mpango huo ulivuka hadi Zanzibar na Uganda. Kwa hivyo njia tunaijua.

Linalotia wasiwasi ni huko mbele. Shule za sekondari ya juu zimegawanywa. Zile zenye mikondo yote mitatu zinafundisha sayansi, masomo ya jamii, na sanaa na michezo. Zenye mikondo miwili zimeachiwa sayansi na masomo ya jamii, sanaa haimo. Mtoto aliyelelewa kwa kuchora na kuigiza, kama shule iliyo karibu naye ni ya mikondo miwili, atalazimika kwenda mbali au kuacha kipaji chake. Tajiri ataenda mbali. Mtoto wa mchuma chai na wa mvuvi ndio watakaoacha.

Hilo la sekondari ni la Nairobi. La chekechea ni letu. Katiba ya 2010 imezipa kaunti jukumu la elimu ya chekechea, hivyo magavana wa Kericho, Lamu, Kilifi na Kwale hawana wa kumsingizia. Watenge saa moja kila wiki, bibi au babu wa mtaa aje asimulie, na alipwe posho. Mwalimu aziandike hadithi hizo, watoto wazichore, na kaunti izichape zirudi darasani ziwe vitabu vya kusomea.

Wapo watakaosema senta kama Kapsoit ina watu mchanganyiko, je, kogo atasimulia kwa lugha gani? Asimulie kwa Kikipsigis palipo na watoto wa Kikipsigis, na kwa Kiswahili palipo na mchanganyiko. Wengine watasema wazee hawana cheti. Kweli, na ndiyo maana mwalimu abaki darasani. Mzee analeta kisa, mwalimu anakigeuza kuwa somo.

Bajeti za kaunti husomwa kila mwaka na wananchi huitwa kutoa maoni. Mara nyingi tunakwenda kuuliza barabara na maji, na ni haki yetu. Safari hii, mzazi wa Kapsoit na mzazi wa Kiunga waulize pia: ya kuwalipa wazee wanaosimulia hadithi ni shilingi ngapi, na iko ukurasa gani? Wazee hawa hawatusubiri. Kila anayezikwa anaondoka na hadithi zake.