MTARO SI CHOO

Kila masika yanapoingia Dar es Salaam tunasikia wimbo ule ule: mvua imeleta kipindupindu. Sisi twasema huo ni uongo, tena uongo wa hatari. Mvua haina kipindupindu. Uchafu huupata hapa chini, katika mitaa yetu wenyewe.

Yatazameni maji yanavyokwenda. Yakianguka juu ya mabati na lami ya Kariakoo hayana pa kuzama. Huzoa mafuta ya magari, maganda, mboga zilizooza na chupa, yakaingia mtaroni. Mtaro umejaa mchanga, basi hupanda barabarani. Huko hukutana na chemba zinazofurika, na mitaa ya mbele hukutana na vyoo ambavyo wenyewe walingoja mvua ili wavitapishe. Kisha maji hufuata mkondo: Mto Msimbazi, Jangwani, hata baharini pale Daraja la Salenda. Njiani mchicha hunyweshwa maji hayo, visima vifupi huyapokea, na bomba lililopasuka huyanyonya mgao unapokatika. Jioni mwananchi huyakuta katika kikombe chake.

Wapo watakaosema lawama ni za mkoloni. Kweli, mkoloni aliugawa mji huu kwa rangi: Wazungu kando ya bahari, Wahindi katikati, Waafrika Kariakoo na Ilala, ng'ambo ya Mnazi Mmoja. Mabomba ya maji machafu yalitangulia kwa wakubwa. Mwafrika aliambiwa achimbe shimo. Lakini bendera ya mkoloni iliteremshwa Desemba 1961. Je, mwenye ghorofa anayeunga bomba la choo chake katika mtaro wa mvua, usiku watu wamelala, naye ametumwa na Gavana?

Wapo tena wasemao lawama ni za maskini wa mabondeni. Desemba 2011 mafuriko yaliua makumi ya watu katika mji huu, na wengi waliopoteza nyumba wakapelekwa Mabwepande. Kujenga bondeni ni hatari, hatubishi. Lakini si maskini aliyeifunika ardhi ya mjini kwa saruji, wala si yeye aliyeelekeza maji ya kiwanda mtoni. Yeye huyapokea tu, mlangoni kwake.

Tena hatuwezi kusema kwamba hatukujua la kufanya. Soko la Kariakoo la miaka ya 1970 lilichorwa na Mwafrika mwenzetu, Beda Amuli. Paa lake la miavuli ya zege alilichora lipokee maji ya mvua yahifadhiwe. Yeye aliona mvua ni mali. Sisi tumeigeuza kuwa gari la taka.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya Bonde la Msimbazi. Twaipokea kazi hiyo, maana deni hilo litalipwa na wananchi. Lakini tukumbuke: daraja litavusha basi, halitasafisha maji. Maji husafishwa huku juu, kabla hayajafika mtoni.

Kwa hiyo twadai haya. Kwanza, mitaro izibuliwe kabla ya masika na kabla ya vuli, na mchanga ubebwe siku ile ile. Kuurundika ukingoni ni kuurudisha mtaroni kwa mvua ya kwanza. Pili, kila bomba la choo lililoungwa mtaroni likatwe, na mwenye nyumba ashtakiwe, awe tajiri au mkubwa. Tatu, magari ya kunyonya vyoo yafike uswahilini kwa bei ambayo mwenye chumba kimoja aweza kulipa. Bila hilo, kumkataza kutapisha ni maneno matupu. Nne, meta 60 za kando ya mto zilizowekwa na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 ziachwe kwa nyasi na miti, ili maji yapunguze mbio na kutua uchafu wake.

Nasi wanachama tusikae kitako tukinyosha vidole. Kila tawi lijue mtaro wake unaanzia wapi na unamwaga wapi, na nani anauchafua. Anayeujua na kunyamaza ni mshirika wake. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta huu tumekwisha kuujenga mara nyingi, kwa makaburi.