Diski ya Baba kutoka Sanaiya

Jamani, wiki hii nimefungua kasha la zamani la Baba nikakuta DVD ya Queen, ile bendi ya roki: tamasha la Wembley, tarehe 12 Julai 1986. DVD yenyewe ilitoka 2003.

Enzi hizo Baba alikuwa fundi magari Sanaiya, hapa Doha, kule ambako mitaa inaitwa kwa namba tu. Ijumaa, siku yake ya kupumzika, anawasha deki na kutuita: "Njooni mumuone mtoto wa Unguja!"

Kweli, Freddie Mercury alizaliwa Unguja 1946, jina lake Farrokh Bulsara, wazazi wake Maparsi kutoka India. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza.

Mimi nilikuwa na miaka 14, mjuaji kweli. Nikasema, "Baba, huyo si wetu. Hata neno moja la Kiswahili hasemi." Hakunijibu. Akaongeza sauti tu.

Sasa nina miaka 35. Juzi juzi nilikuwa Forodhani, nababaika na Kiswahili changu, muuza urojo akaniuliza, "Kwani kwenu wapi?" Nikasema, "Hapa hapa." Akacheka. Yaani lile neno langu likanirudia mwenyewe.

Baba kastaafu, yuko Unguja. Nimempigia kumuomba radhi. Akasema hata halikumbuki neno lenyewe.

Namjua Baba. Analikumbuka.

Na wewe, uliwahi kumwambia nini mzee wako?