Usugu wa Fangasi wa Kinywani: Utando Unaorudi Usipuuzwe Karagwe na Kyerwa

Kagera ndio mkoa ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligundulika mwaka 1983. Tangu wakati huo, utando mweupe kinywani unaosababishwa na fangasi aina ya kandida umekuwa miongoni mwa dalili zinazomwonesha mhudumu wa afya kwamba kinga ya mgonjwa imeshuka. Dawa za kufubaza VVU, ambazo tangu mwaka 2016 hutolewa kwa kila anayebainika kuwa na maambukizi bila kusubiri kinga ishuke, zimepunguza sana tatizo hilo. Linalohitaji kuangaliwa sasa katika Wilaya za Karagwe na Kyerwa ni utando unaotibiwa, ukapotea, kisha ukarudi.

Tiba inayotegemewa zaidi ni flukonazoli. Dawa hii huzuia fangasi kutengeneza aina ya mafuta inayohitajika katika utando wa seli zake. Kandida zikikutana mara kwa mara na dawa kwa kiasi kisichotosha, zile chache zenye uwezo wa kuitema nje ya seli husalia na kuzaliana. Zipo pia aina, kama Candida krusei, ambazo kwa asili hazidhuriki kwa flukonazoli. Candida albicans iliyo ya kawaida ikiondolewa, aina hizo hupata nafasi.

Hadi sasa dawa hiyo haijashindwa nchini. Katika utafiti uliofanyika Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2008, wagonjwa 220 wenye VVU waligawanywa makundi mawili: wengine walipewa miligramu 750 za flukonazoli kwa mara moja, wengine miligramu 150 kila siku kwa siku 14. Waliopona walikuwa asilimia 94.5 na asilimia 95.5. Kwa mgonjwa wa Murongo, mpakani na Uganda, ambaye kila safari ya kliniki ni nauli na siku ya shamba iliyopotea, matokeo hayo yana maana kubwa kuliko yanavyoonekana kwenye karatasi, ingawa uamuzi wa dozi hubaki kwa mtaalamu anayemtibu.

Hata hivyo, matokeo hayo yalitoka kwa wagonjwa waliosimamiwa kwa karibu. Mtu anayenunua vidonge viwili dukani kila ulimi unapowasha, kisha akaacha maumivu yakitulia, hayumo katika takwimu hizo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya fangasi wanaohitaji kipaumbele, na Candida albicans iliwekwa katika kundi la juu kabisa. Serikali nayo inatekeleza mpango wa pili wa kitaifa wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa, wa mwaka 2023 hadi 2028. Mjadala wa usugu, hata hivyo, umezoea kuzungumzia bakteria na antibayotiki. Fangasi hutajwa mwishoni, kama hutajwa.

Utando unaporudi, swali la kwanza si dawa gani kali zaidi itumike. Kwa anayeishi na VVU, swali ni iwapo dawa za kufubaza virusi zinamezwa ipasavyo na kipimo cha wingi wa virusi kinasema nini, kwa kuwa kinga isiporejea fangasi hatakosa mlango. Kwa asiyejua hali yake, kipimo cha VVU hutangulia. Wenye kisukari, wanaotibiwa saratani na wanaotumia dawa za steroidi kwa muda mrefu nao wamo hatarini, na kwao sukari au dawa husika huangaliwa kwanza. Mgonjwa anayepata maumivu kifuani anapomeza chakula asisubiri, kwani huenda fangasi wameshuka kwenye umio.

Pale ambapo dozi imekamilika na utando haujaondoka, sampuli huhitaji kuoteshwa maabara ili aina ya fangasi ijulikane na dawa ichaguliwe kwa uhakika. Hapa ndipo jiografia inapoingia. Kutoka mji wa Omurushaka hadi Bukoba ni zaidi ya kilomita 100, na Kyerwa ni mbali zaidi. Kwa zahanati ya kijijini, hatua inayowezekana leo ni kuandika kwenye kadi ya mgonjwa dawa aliyopewa, siku alizotumia na tarehe utando uliporudi, ili hospitali inayompokea isianze upya na vidonge vilevile.